Kazi za Mikono Minne

Nikiulizwa kinachonifurahisha katika maisha ya shambani, naona anayeuliza anasubiri nitaje jua likichomoza, ndege na hewa safi. Vyote hivyo vipo, sikatai, ingawa asubuhi nyingi jua huchomoza mimi nikiwa nimeinama, macho yote kwenye kwato. Jibu langu ni jingine, na huwashangaza watu kidogo: napenda kazi ambazo mtu mmoja hawezi kuzimudu.

Shamba limejaa kazi za namna hiyo. Kumshika mbuzi apunguzwe kwato. Kukaza waya wa ua. Kukunja turubai upepo ukivuma. Kuingiza meza ndefu kwenye mlango mwembamba siku ya sherehe. Nyumbani tunaziita kazi za mikono minne, na tangu utotoni nilijua kwamba nikiitwa kwa sauti ya kuburuta, kuna kitu mahali kinataka mtu wa kushika upande wa pili. Zamani niliziona usumbufu tu. Nilikuja kuzielewa baada ya kupata watoto wangu mwenyewe.

Nina kijana aliye katika umri ule wa kujibu kila kitu kwa neno moja. Mkae mezani, umtazame usoni, umuulize habari za shule: "Nzuri." Rafiki zako je? "Wapo." Mazungumzo yamekwisha, na ukiendelea kuuliza unaonekana askari. Lakini mwambie ashike kichwa cha mbuzi huku wewe ukishughulika na mguu wa nyuma, halafu nyamaza. Kabla hujafika mguu wa tatu utakuwa umesikia ni mwalimu gani anamwonea, nani kagombana na nani, na mambo mengine ambayo hukujua hata kama yapo.

Nimelifikiria sana jambo hili, kwa sababu linajirudia. Kwanza, hamtazamani. Macho yote yako kwenye kwato. Pili, ukimya hauna uzito wowote; mtu akinyamaza ni kwa kuwa kazi imefika pagumu, wala hakuna wa kumuuliza mbona kimya. Tatu, hakuna anayeweza kuondoka. Na kazi yenyewe haitaki papara. Kwato za mbuzi hukua wakati wote, na kama anatembea kwenye udongo laini usio na mawe ya kuzisugua, zinahitaji kupunguzwa kila baada ya wiki 6 hadi 8 hivi. Unakata vipande vyembamba, kimoja baada ya kingine, na sehemu ya chini ikianza kuonyesha rangi ya waridi unaacha hapo hapo, maana ukizidisha kidogo tu damu inatoka. Kwa hiyo mkono unakwenda taratibu, na maneno nayo yanakwenda taratibu.

Mama alilijua hili zamani bila kulisema. Tulipokuwa na ng'ombe mmoja mwoga, mimi niliwekwa kichwani na yeye akakaa kwenye kiwele. Sababu yake ilikuwa ya kweli kabisa. Ng'ombe akipapaswa kiwele na akiwa ametulia, mwili wake hutoa homoni iitwayo oksitosini, nayo ndiyo inayoyashusha maziwa. Nguvu yake hudumu dakika chache tu. Ng'ombe akishtuka, adrenalini inaingilia kati na maziwa yanazuiliwa, hata ukame vipi. Kazi yangu basi ilikuwa kumkuna shingoni na kumsemesha kwa sauti ya chini ili asishtuke.

Sasa jamani, mtoto anamwambia nini ng'ombe? Nilimwambia mambo yangu. Nilimweleza ng'ombe hofu zangu za mtihani, viatu vilivyonibana, rafiki aliyenitenga. Chini pale Mama alikuwa anakama, kichwa kikiegemea ubavu wa mnyama, hajibu neno. Siku mbili tatu baadaye viatu vingine vinatokea. Au Mama anaanzisha kisa cha mtu fulani wa zamani aliyetengwa na rafiki yake, bila hata kunitazama. Ilinichukua muda mrefu kuunganisha mambo hayo mawili, na hadi leo sina hakika kama ng'ombe yule alikuwa mwoga kiasi kile.

Lakini kama ni kuchagua kazi moja kati ya zote, nachagua kusokota kamba.

Kamba ya mkono ni kitu cha ajabu ukikitazama vizuri. Nyuzi za mmea, kila mmoja peke yake, unaweza kuukata kwa vidole. Unazichukua nyingi na kuzisokota kuelekea upande mmoja, tuseme kulia, hadi zijae msokoto na kuanza kutaka kujikunja. Zikiachiwa zitafumuka zote. Ila ukichukua mafungu matatu yaliyosokotwa kulia na kuyasokota pamoja kuelekea kushoto, kila fungu linapojaribu kufumuka linazidi kuyabana mengine. Hakuna gundi wala fundo katikati. Kinachoishikilia kamba ni ule ubishi wa nyuzi zenyewe.

Na huwezi kuitengeneza peke yako, angalau si ile ndefu na nene. Upande mmoja wanasimama watu watatu, kila mmoja na fungu lake, wanasokota kwa pamoja na kwa kasi moja. Upande wa pili anasimama mtu aliyeshika ncha zote tatu. Katikati anakuwepo mwenye kipande cha mti kilichochongwa mifereji mitatu ubavuni. Kila fungu hupita kwenye mfereji wake ili yasikutane kabla ya wakati. Msokoto ukishakolea, yule wa mwisho anaanza kusokota kinyume, na wa katikati anarudi nyuma polepole, kamba ikizaliwa mbele yake. Kila inavyojisokota inafupika, karibu theluthi ya urefu, kwa hiyo ukitaka kamba ya mita 10 unaanza na nyuzi za mita 15 hivi. Na kwa kuwa inafupika, aliyeshika mwisho hawezi kusimama palepale. Lazima asogee mbele, hatua moja moja, akiachia kidogo na kushikilia kidogo. Akivuta mno, mafungu yanakakamaa na kamba inakuwa ngumu isiyokunjika. Akilegeza mno, yanajikunja vifundo ambavyo hakuna wa kuvifumua.

Ndiyo maana Babu alikuwa hamweki mtoto mwishoni. Mwisho ni pa mtu anayejua kusikiliza kwa mkono. Unakuwa umbali wa mita kadhaa na wenzako, hamsikiani vizuri, lakini kila kinachotokea upande wa pili kinakufikia kiganjani: huyu kachoka, yule kabadilisha mkono, huyu mwingine anacheka. Nimewahi kuona ndugu wawili wa familia yetu, waliokuwa hawasemezani kwa jambo ambalo sitalitaja hapa, wamewekwa na Babu kwenye kamba moja, mmoja mwishoni na mmoja katikati. Sitasema walipatana. Walisema "legeza" na "ngoja" na "haya, sogea" mchana kutwa, na hayo yalikuwa maneno mengi kuliko waliyokuwa wameambiana kwa muda mrefu. Kamba ilitoka nzuri. Watoto waliibembea kwenye sherehe iliyofuata.

Nimetaja sherehe. Hapa nina maoni ambayo shangazi zangu hawayapendi: sherehe yenyewe inachosha. Nguo zinabana, picha hazishi, hotuba ni ndefu, na mwenye sherehe anazunguka siku nzima akisalimia bila kukaa na mtu hata mmoja. Kwangu mimi shamrashamra za kweli ni za siku ya kuamkia, pale watu wanapofika mapema "kusaidia". Mtu aliyesafiri saa nyingi anashuka, hajanawa hata uso, anapewa beseni la maharage ya kuchambua na kuelekezwa kigoda. Ndani ya robo saa amesahaulika kuwa ni mgeni. Habari za mwaka mzima zinatolewa hapo, juu ya mabeseni, na zinatoka kwa mpangilio wa ajabu: kwanza wagonjwa, halafu wanaosoma, halafu, vidole vikishazoea kazi, zile za kunong'ona.

Siku hizo ndizo za kutengeneza mishumaa pia. Kwetu mishumaa ya siku ya kuzaliwa ya Bibi haikununuliwa kamwe; nta ilikuwepo, kwani tuna mizinga, na Bibi alikuwa akisema mshumaa wa dukani hauna harufu ya kitu chochote. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, na haipaswi kuwekwa moja kwa moja juu ya moto, maana inaweza kushika na kuwaka. Unaitia kwenye chombo kirefu na kukiweka ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Maji hayapiti nyuzi 100, basi na nta inabaki salama ilimradi kuna mtu wa kuiangalia.

Utambi mmoja mrefu unakunjwa katikati juu ya kijiti, ncha mbili zikining'inia, ili kila mchovyo utoe mishumaa miwili kwa mpigo. Mchovyo wa kwanza ni wa kusubiri: unauacha utambi ndani ya nta hadi viputo vya hewa viishe, halafu unautoa, unaunyoosha kwa vidole na kuuacha ukauke. Baada ya hapo michovyo yote ni ya haraka, kuingiza na kutoa. Ukichelewesha, nta ya moto inayeyusha ile uliyokwisha kuipata na mshumaa unakonda badala ya kunenepa. Kati ya mchovyo na mchovyo lazima upoe. Mtu akiwa peke yake anasimama na kijiti chake akingoja. Watu wakiwa wengi wanapanga mstari wa mduara: unachovya, unazunguka nyuma ya nyumba, unarudi mshumaa wako umepoa, unachovya tena. Mduara unakwenda hivyo mchana kutwa, wazee kwa watoto, kila mmoja na kijiti chake mbele. Mazungumzo hukatika kila mtu anapofika kwenye nta na kuanza upya akishapita, kwa hiyo kisa kimoja kinaweza kuchukua mizunguko mingi, na wa nyuma wanaomba warudiwe mwanzo.

Mishumaa inatoka imepinda. Ule wa mdogo wetu wa mwisho huwa mnene chini na mwembamba juu, kwa sababu hafiki vizuri kwenye chombo. Tunaijua yote kwa wenyewe.

Blanketi la viraka nalo lilikuja kwa njia hiyo hiyo. Shangazi mmoja alitaka kumpa Bibi zawadi ya wote, akaomba kila nyumba ilete vipande vya nguo zisizovaliwa tena. Vilikuja, na kila kimoja kilikuwa na vipimo vyake, maana kila mtu ana "mraba" wake kichwani. Ilibidi vyote vikatwe upya kwa kipande kimoja cha kadibodi, na sasa ndiyo kanuni: kadibodi moja, mkasi wa Shangazi, hakuna mjadala. Blanketi likishatandazwa kwenye fremu, mmoja anakaa juu anachoma sindano, mwingine analala chini na kuirudisha. Aliye chini haoni kitu ila kitambaa na ncha ya sindano ikitokea. Kaka yangu anaipenda nafasi hiyo kuliko zote, anasema ndiyo pekee katika sherehe nzima ambapo hakuna anayemuuliza ataoa lini. Ila wanamuuliza. Wanapiga goti tu, wanainama na kuuliza.

Kuhusu vikapu nitasema jambo moja tu, kwa faida ya anayejaribu kwa mara ya kwanza: fito za kusimama ziwe witiri, 9 au 11 au zaidi. Zikiwa shufwa, ufito wa kusuka utapita mbele ya fito zilezile kila mzunguko na kikapu hakitashikana. Zikiwa witiri, unabadilishana wenyewe. Na sabuni sipendi kuitengeneza nyumba ikiwa na watoto. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, kwa kuwa mchanganyiko hupata joto kali ghafla na unaweza kuruka usoni. Hiyo ni kazi ya mikono minne yenye glavu, na haina maongezi.

Lakini iko kazi moja ambayo mikono yote minne inatakiwa ikae mfukoni. Kuku akishaatamia, tunayakagua mayai karibu siku ya 7, usiku, binti yangu akishika tochi na mimi nikishika yai. Lenye uhai linaonyesha doa jeusi na mishipa myembamba iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Lisilo na kitu linapitisha mwanga wote. Hadi hapo sisi ni wafanyakazi. Siku ya 21 ikikaribia kazi inageuka. Kifaranga anatoboa ganda, unamsikia akilia ndani, halafu ananyamaza. Anaweza kukaa hivyo saa nyingi, hata siku nzima, na anayetazama anaona kabisa kwamba amekwama. Hajakwama. Anamalizia kukivuta kiini tumboni na mishipa ya damu iliyoshikana na utando inakauka. Ukimbandua ganda mapema anaweza kutoka damu na kufa.

Binti yangu aliniomba kwa machozi tumsaidie. Nilimwambia hapana, naye akakaa kwenye mlango wa banda amekunja mikono, na mimi nikakaa naye. Katika kukaa huko bila kazi, kwa mara ya kwanza aliniuliza mwenyewe kuhusu ugonjwa wa Bibi: kama Bibi anaumwa sana, kama atapona, mbona hakuna anayemfanya kitu. Nilimjibu nilichokijua. Kifaranga alitoka alfajiri, ameloa na hana sura. Huyo hahitaji hata kulishwa siku hiyo, kwani kiini alichokivuta humtosha siku mbili hivi.

Nisije nikaonekana nasifia taabu. Mama alipoanza kuumwa vidole tulinunua mashine ya kukamia, na sijutii hata kidogo. Ng'ombe wametulia na vidole vya Mama vimepona kwa kadiri vinavyoweza kupona. Waya wa ua sasa nakaza kwa chombo cha kuvutia ambacho mtu mmoja anakiweza. Na kazi za mikono minne zina upande wake mchungu, ambao wanaoishi mjini hawauoni: kuna siku huna mikono ya pili. Kaka alipohama, nilibaki na mambo mengi yaliyohitaji mtu wa upande ule, na mengine ni ya hatari kuyafanya peke yako, kama kumzalisha mnyama usiku au kupanda paa kukiwa na upepo. Hapo ndipo mimi na jirani tulipoanza kubadilishana asubuhi: ya kwake kwangu, ya kwangu kwake. Yeye si mzungumzaji. Lakini ameshika miguu ya mbuzi wangu mingi kiasi kwamba nadhani najua mengi juu yake.

Kwa hiyo sipimi kazi kwa ugumu wake ninapoamua ipi niipe mashine. Natazama kwanza nani huwa anakuja kuishika nami. Kupukuchua nimeiachia mashine bila huzuni, kwani vumbi lake halikumfurahisha yeyote. Kamba sijaiachia, ingawa ya dukani ni rahisi na pengine hudumu zaidi.

Mwezi ujao ni siku ya kuzaliwa ya Bibi. Amepungua nguvu, lakini ameshatuma ujumbe kwamba mwaka huu hataki kuketishwa kwenye kiti cha mapambo akipigwa picha. Anataka awekwe karibu na nta. Shangazi anauliza nani ataleta kadibodi, ile ya zamani imelowa. Kaka amejiandikisha mapema kulala chini ya fremu. Na kijana wangu, yule wa neno moja, ameuliza kama amefikia umri wa kushika mwisho wa kamba. Nimemwambia aanze na katikati, tutaona.